Duara la Smith na Safari ya Sauti Kufika Machakos

Mwaka 1928 yalitokea mambo mawili, kila moja upande wake wa dunia, na hakuna aliyeyahusisha. Nairobi, kampuni ya British East African Broadcasting ilianza kurusha matangazo ya redio katika koloni la Kenya. Huko Marekani, kijana wa miaka 23 aitwaye Phillip Hagar Smith, mzaliwa wa Lexington, Massachusetts, alihitimu katika Chuo cha Tufts na kuajiriwa na maabara ya Bell. Tangu ujana wake alikuwa mpenzi wa redio, akiwasiliana na wenzake hewani kwa mtambo wake mwenyewe. Kazi aliyopewa huko ilihusu antena na nyaya zinazozilisha nguvu. Katika kazi hiyo alikutana na tatizo ambalo mafundi wa redio wa Nairobi, London na Tokyo walikuwa nalo pia, nalo bado liko mezani pa kila fundi wa mitambo hadi leo.

Machakos ya wakati huo, mji wa Wakamba usio mbali na Nairobi, ilikuwa imekwisha kuonja ukubwa na kuupoteza. Ilikuwa makao ya utawala wa Waingereza katika bara hadi 1899, reli iliyotoka Mombasa ilipopita kwenye uwanda wa Athi na kuiacha kando, na makao yakahamia Nairobi. Mawimbi ya redio hayangojei reli. Yangeweza kuvuka uwanda ule na kufika vilima vya Mua na Iveti kabla mtu hajapepesa jicho. Lakini matangazo ya miaka hiyo yalikuwa ya Kiingereza, yamepangwa kwa ajili ya walowezi, na sanduku la redio lilikuwa mali ya wachache.

Julai 1938 jambo hilo lilionekana wazi. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwalazimisha Wakamba kupunguza mifugo yao. Wanaume, wanawake na watoto, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea kutoka Ukambani hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 60, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakidai kuonana na Gavana Robert Brooke-Popham. Muindi alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini serikali ililegeza amri yake. Watu wa Machakos walikuwa na la kusema, na chombo walichokuwa nacho cha kulifikisha kilikuwa miguu yao.

Nusu mwaka baadaye, Januari 1939, jarida la Electronics la Marekani lilichapisha makala ya Smith pamoja na mchoro wa duara uliojaa matao. Mchoro huo, ambao sasa dunia nzima inauita chati ya Smith, ungeingia katika kazi ya kila mhandisi wa redio.

Ili kuelewa thamani yake, sharti kwanza lieleweke tatizo lenyewe. Mtambo wa kurushia matangazo huzalisha nguvu, kebo huibeba, na antena huimwaga hewani. Mtu akifunga kamba kwenye shina la mwembe na kuitikisa upande mmoja, ataona wimbi likienda hadi kwenye shina kisha likimrudia mkononi. Nguvu ya redio hufanya hivyohivyo ndani ya kebo pale antena isipolingana na kebo inayoilisha. Sehemu ya nguvu huingia hewani, sehemu hurudi ilikotoka. Wimbi linalokwenda na lile linalorudi hukutana njiani, na kwenye kebo hutokea mahali penye volti kubwa mno na mahali penye volti ndogo mno. Kebo hupata joto, kapasita huungua, na mtambo wenyewe huweza kufa. Wasikilizaji walio pembezoni ndio wa kwanza kupoteza sauti.

Kinachoamua kiasi cha nguvu inayorudi ni impidansi, yaani jumla ya vikwazo ambavyo umeme unaogeuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde hukutana navyo. Ina sehemu mbili. Moja ni ukinzani wa kawaida, unaokula nguvu au kuitoa hewani. Nyingine hutokana na koili na kapasita, ambazo huhifadhi nguvu kwa muda mfupi kisha huirudisha. Jambo linalosumbua ni kwamba impidansi inayoonekana mwanzoni mwa kebo si ile iliyoko mwishoni. Hubadilika kwa kila sentimita ya kebo na kwa kila badiliko la masafa. Kabla ya 1939, kuitafuta kulihitaji milinganyo mirefu ya namba changamano, ikiwemo ile iliyotungwa na Mwingereza John Ambrose Fleming kwa ajili ya nyaya za simu. Mhandisi aliketi na rula yake ya hesabu kwa saa kadhaa ili kupata jibu la masafa mamoja tu. Alipobadilisha masafa, alianza upya.

Smith alichoshwa na hesabu hizo, akatafuta njia ya kuziona. Mchoro wake wa kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ulikuwa wa umbo la mstatili. Ulifanya kazi, lakini ulikuwa na mipaka: impidansi kubwa sana zilitoka nje ya karatasi. Aliendelea kuufikiria. Wenzake wawili katika maabara ya Bell, E. B. Ferrell na J. W. McRae, waliokuwa wanajua hisabati ya kubadili umbo moja kuwa jingine bila kuharibu pembe zake, walimsaidia kufika kwenye duara. Ndani ya duara hilo, kila impidansi inayowezekana ya antena au saketi ya kawaida, kuanzia sifuri hadi isiyo na kikomo, hupata nafasi yake kwenye karatasi moja.

Mpangilio wake unaweza kueleweka hata na asiye mhandisi. Kitovu cha duara ni ulinganifu kamili, ambapo hakuna kinachorudi. Ukingo wa kushoto ni waya zilizogusana. Ukingo wa kulia ni waya iliyokatika. Nusu ya juu ni makao ya koili, nusu ya chini ni makao ya kapasita. Kadiri nukta inavyokaa mbali na kitovu, ndivyo nguvu nyingi zaidi inavyorudi. Kusogea kwenye kebo kutoka kwa antena kuelekea kwenye mtambo ni kuzunguka kitovu kwa mwendo wa saa, na kila nusu ya urefu wa wimbi huleta mzunguko mmoja kamili. Hesabu iliyokula asubuhi nzima ikawa kazi ya bikari na penseli.

Smith hakuwa peke yake katika fikra hiyo. Mjapani Mizuhashi Tosaku alichapisha mchoro wa aina hiyo mwaka 1937, na katika Umoja wa Kisovyeti Amiel Volpert alifikia wazo hilo karibu wakati mmoja na Smith. Watu watatu, katika nchi tatu ambazo punde zingejikuta vitani, walijibu haja ileile kwa umbo lilelile.

Vita vilipoanza, kila upande ulihitaji redio na rada. Katika maabara ya mionzi ya chuo cha MIT, ambako Wamarekani walitengenezea rada zao, chati ya Smith ilipokelewa mapema ikawa chombo cha kila siku. Januari 1944 Smith alichapisha toleo lililoboreshwa, lenye mistari zaidi na vipimo zaidi, na hilo ndilo linalotumika hadi sasa.

Pwani ya Kenya nayo ilionja umuhimu wa antena katika vita hivyo. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Colombo, Waingereza walihamishia Mombasa kituo chao cha kunasa mawasiliano ya redio ya jeshi la majini la Japani. Wataalamu wake waliwekwa katika shule ya Allidina Visram, mbele ya Bahari ya Hindi. Walikuwa na akili za kufumbua mafumbo, lakini usikivu wa Mombasa ulikuwa hafifu kuliko wa Colombo, na ni sehemu ndogo tu ya ujumbe wa adui iliyowafikia. Mwaka 1943 wakarejea Colombo.

Vijana wa Ukambani walikuwa miongoni mwa maelfu ya Waafrika waliojiunga na jeshi la King's African Rifles, na baadhi yao walikwenda hadi Burma. Nyumbani, serikali ikaanza kuona haja ya kuzungumza na Waafrika kwa lugha zao. Mwaka 1953 ilianzishwa huduma ya matangazo kwa Waafrika, yenye vipindi kwa Kiswahili, Kikamba, Kikuyu, Dholuo na lugha nyingine. Kikamba sasa kilikuwa hewani. Mwaka uliofuata likaundwa shirika la Kenya Broadcasting Services, na vituo vya mikoani vikafunguliwa Mombasa, Nyeri na Kisumu. Televisheni ilifuata 1962, ikirushwa kutoka Limuru, na mwaka 1964 serikali ya Kenya huru ikaitaifisha huduma ya utangazaji na kuiita Sauti ya Kenya.

Kila kituo cha aina hiyo kilihitaji mtu wa kulinganisha mlingoti na mtambo. Mfano mmoja unaonyesha jinsi chati inavyomsaidia. Tuseme mtambo wa wati 1,000 unaotangaza kwenye megahezi 100 umeunganishwa kwa kebo ya omu 50. Fundi anapima antena na kukuta ukinzani wa omu 25, pamoja na omu nyingine 25 za upande wa kapasita. Akiweka nukta hiyo kwenye chati, anaona papo hapo kwamba sehemu moja kati ya tano ya nguvu inarudi: wati 200 zinazopaswa kuwa hewani zinaurudia mtambo.

Sasa afanye nini? Anapiga mstari kutoka kwenye nukta ile kupitia kitovu hadi upande wa pili, kwa umbali uleule. Nukta mpya husomwa kwa ajili ya vifaa vinavyounganishwa sambamba, na katika usomaji huo nusu ya koili na nusu ya kapasita hubadilishana nafasi; inaangukia kwenye duara dogo linalopita kitovuni. Chati inamwambia kwamba upande wa ukinzani tayari umekaa sawa, na kilichobaki ni ziada ya kapasita inayohitaji kufutwa. Koili moja ya nanohenri 80 hivi, ikiunganishwa sambamba na antena, inairudisha nukta kitovuni. Nguvu yote inakwenda hewani. Fundi hakuandika mlinganyo hata mmoja, na muhimu zaidi, ameona kwa nini koili moja imetosha na kwa nini kapasita ingeharibu zaidi.

Smith mwenyewe aliendelea na chati yake maisha yake yote. Yeye na mkewe Anita waliendesha kampuni ndogo iliyouza karatasi za chati kwa wahandisi na wanafunzi, na mwaka 1969 alitoa kitabu kizima juu ya matumizi yake. Mamilioni ya karatasi hizo yaliuzwa. Alifariki mwaka 1987.

Wakati huohuo vyombo vya kupimia vilikuwa vikibadilika. Mwaka 1967 kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa kipimo kilichojulikana kama 8410, ambacho kiliweza kuonyesha tabia ya saketi kwenye kioo huku masafa yakipita. Badala ya nukta moja iliyochorwa kwa penseli, mhandisi aliona mstari mzima ukijikunja ndani ya duara la Smith. Kenya nako kazi ya satelaiti ilianza: Aprili mwaka huohuo, San Marco, jukwaa la Italia la kurushia satelaiti karibu na Malindi, lilirusha satelaiti yake ya kwanza. Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya kuchunguza miale ya eksi kutoka angani iliruka kutoka hapohapo, ikapewa jina la Uhuru. Mwaka huohuo kituo cha ardhini cha Longonot kilifunguliwa, na Kenya ikaanza kuwasiliana na dunia kupitia satelaiti.

Kazi ya satelaiti ilidhihirisha faida nyingine ya chati. Mawimbi yanayotoka angani hufika yakiwa dhaifu mno, na kikuzaji cha kwanza kwenye dishi kinaweza kuyafunika kwa kelele zake chenyewe. Impidansi inayoleta kelele ndogo kabisa si ileile inayoleta ukuzaji mkubwa kabisa. Mhandisi huchora kwenye chati maduara ya kelele, ya ukuzaji, na ya mipaka ambayo kikuzaji kikiivuka kitaanza kutetema chenyewe. Kisha huchagua nukta inayokidhi haja zake. Hesabu zinaweza kumpa namba, lakini kuona maduara yote matatu yakipishana kwenye karatasi moja ndiko kunakomwezesha kuamua.

Kuanzia miaka ya 1970 programu za kompyuta zilichukua hesabu zote. Leo kompyuta ya kawaida hukokotoa kwa sekunde moja kazi ambayo ingemchosha Smith kwa mwezi. Ingetarajiwa kwamba chati ingefuata rula ya hesabu kwenye makumbusho. Haikuwa hivyo. Programu za kubuni saketi za redio bado huonyesha matokeo yake kwenye duara lilelile, na vipimo vya maabara huwa na kitufe cha kuliita.

Sababu ni kwamba jicho la binadamu husoma umbo haraka kuliko jedwali. Mstari unaozunguka pembeni mwa duara unasema kuna kebo ndefu na tatizo liko mwishoni. Mstari ulionyanyuka juu unasema kuna koili isiyotarajiwa, labda waya mrefu kupita kiasi. Kitanzi kidogo kilichojikusanya karibu na kitovu ni habari njema: antena inalingana katika masafa mengi, si mamoja tu. Fundi hodari hutazama picha hiyo, akataja kasoro kabla hajafungua kifuniko.

Umuhimu huo uliongezeka simu za mkononi zilipoingia. Kampuni ya simu ya Safaricom ilianza kazi mwaka 2000, na muda si mrefu minara ya simu ikaungana na milingoti ya redio kwenye vilima vya Ukambani. Vituo binafsi vya FM navyo vilizidi, vikiwemo vya Kikamba kama Musyi FM. Mawimbi ya FM na ya simu hayapindi sana kufuata ardhi. Hupenda kwenda moja kwa moja, na kwa hiyo nchi ya mabonde na vilima kama Machakos huyategemea sana yale yanayorushwa kutoka juu. Mlingoti mmoja ukipungua nguvu, bonde zima hubaki na kelele badala ya sauti.

Simu yenyewe mfukoni ina tatizo lilelile kwa kipimo kidogo. Antena zake zimebanwa ndani ya kifuniko, hutumia masafa mengi, na impidansi yake hubadilika kila mkono unapoishika au inapowekwa sikioni. Wabunifu wa simu hutafuta kwenye chati nukta za hali hizo zote, kisha hupanga kapasita na koili ndogo, nyingine zikibadilishwa na simu yenyewe. Kwenye masafa ya 5G ya gigahezi 3.5, urefu wa wimbi ni chini ya sentimita 9. Milimita 4 za njia kwenye saketi zinaweza kuizungusha nukta mbali na mahali ilipokusudiwa.

Kwa muda mrefu jambo hili lote lilikuwa na uzio wa bei. Vipimo vya kuonyesha chati viligharimu sawa na gari, wakati mwingine sawa na nyumba, na taasisi chache za Afrika Mashariki zilivimudu. Uzio huo umebomoka. Katika muongo uliopita mbunifu wa Japani alitengeneza kipimo kidogo kinachokaa kiganjani, NanoVNA, na kuweka wazi michoro yake. Mwaka 2019 viwanda vya China vilikuwa vikikitengeneza kwa wingi, kwa bei isiyofika ya simu ya kawaida. Kwenye kioo chake kuna duara la Smith. Wapenzi wa redio wa Kenya, ambao miito yao huanza na 5Z4 tangu uhuru na ilianza na VQ4 wakati wa ukoloni, sasa wanaweza kupima antena walizojitengenezea nyumbani kwa uhakika ambao maabara ya Bell ya 1928 haikuwa nao.

Kwa Machakos hii ni nafasi ya kweli. Kaunti ina Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopata hati mwaka 2016, na ina vyuo vya ufundi vinavyofundisha umeme na elektroniki. Konza, mji wa teknolojia uliozinduliwa Januari 2013, uko kwenye mpaka wake na Makueni. Aprili 15, 2023, Kenya ilirusha Taifa-1, satelaiti yake ya kuangalia ardhi. Nchi yenye mipango kama hiyo inahitaji watu wanaoweza kujenga na kutengeneza mitambo ya mawimbi, si kuagiza fundi kutoka ng'ambo kila antena inapoharibika.

Kwa hiyo walimu wa umeme na mawasiliano wasiiruke chati ya Smith kwa sababu eti kompyuta inaijua. Mwanafunzi apewe karatasi, penseli na bikari kwanza, aitafute nukta ya antena kwa mkono wake, aizungushe, aone koili inaipeleka wapi na kapasita inaipeleka wapi. Kisha apewe kipimo cha kiganjani na antena ya kweli, aipande ngazi, apime, arekebishe. Vyuo vinunue vipimo hivyo sasa, kwa kuwa bei yake haizidi tena uwezo wao, na vituo vya redio vya Ukambani viwafungulie wanafunzi milango ya vyumba vyao vya mitambo wakati wa likizo. Vilima viko, wasikilizaji wako, na vijana wa kujifunza kazi hii hawajakosekana.